Mawe ya Ziwa Juu ya Kaburi la Natani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kugusa ukuta. Ni siku Papa Vitali alipoketi uani kwangu na kikombe cha chai mkononi, akautazama ukuta nilioujenga mwenyewe, asiseme neno. Nakumbuka chai ilivyopoa. Lakini nikianzia hapo utapotea, basi niruhusu nirudi nyuma kidogo. Mzee akikata njia ya mkato hupita miibani, na mimi miguu yangu haipendi tena miiba.

Nilizaliwa Rutshuru, nikakulia hapa Goma. Nilikuwa na diplome ya sekondari na sikuwa na ofisi ya kuipelekea. Nikaitundika sebuleni, nikashika nyundo. Mlima wetu Nyiragongo umetumwagia mawe meusi kila upande, na anayejua kuyapasua halali njaa. Nikawa fundi wa kujenga kwa mawe ya volkano, mimi na mwenzangu Kasereka, mtu wa Butembo mwenye mikono mipana na mdomo mpana zaidi.

Papa Vitali alikuwa na duka la vipuri vya malori katika mtaa wa Birere, na chumba chake cha kulala kilikuwa nyuma ya duka hilo. Wazazi wake walitoka kisiwa kimoja cha mbali kiitwacho Rodi, zamani za Wabelgiji, lakini yeye alizaliwa Lubumbashi na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chenye «njo» badala ya «ndio» na «ka» mwishoni mwa vitenzi, kitamu kama muwa. Alikuwa Myahudi. Siku nilipoambiwa hivyo nilicheka. Kichwani mwangu Wayahudi walikuwa wameishia kwenye Biblia, pamoja na mana na magari ya Farao. Nilimuuliza waziwazi: kumbe Wayahudi bado wako? Akajipapasa mikono na kifua, kama mtu anayetafuta funguo zake.

«Inaonekana bado tuko,» akasema. «Hata sisi tunashangaaka.»

Mkewe, Mama Ester, alikuwa amefariki zamani na kuzikwa Lubumbashi. Alikuwa amebaki na mtoto mmoja, Natani, rika langu na rafiki yangu. Natani aliendesha lori kati ya hapa na Bunagana, mpakani, kuleta vipuri kutoka Uganda. Alikuwa kijana wa kicheko. Akikukopesha shati, alikuambia mbele za watu kwamba shati lake limenenepa.

Ulikuwa wakati wa uasi. Nchi ilikatika vipande viwili. Sisi tulikuwa upande wa waasi, na Lubumbashi ilikuwa upande wa serikali. Barabara ya Bunagana ilikuwa na watu wenye bunduki ambao hata leo sijui walikuwa wa nani. Siku moja walilisimamisha lori la Natani, wakampiga risasi, wakachukua mzigo. Wasafiri wengine walimletea baba yake mwili ukiwa umefunikwa turubai.

Papa Vitali alimzika siku hiyohiyo katika shamba lake dogo juu kule Munigi, nje kidogo ya mji, ndani ya sanda nyeupe na jeneza la mbao tupu. Hakukuwa na shada la maua wala msalaba. Kisha akarudi nyumbani, akakaa juu ya kigoda kifupi karibu na sakafu, shati lake likiwa limechanwa kifuani. Akakaa.

Wewe unajua matanga yetu yalivyo. Watu huimba, mama hulia kwa sauti, vijana hucheza karata nje, na kila anayeingia ana hotuba yake. Mimi niliingia na hotuba yangu pia. Nikaanza, «Papa, mapenzi ya Mungu...» Akainua kidole kimoja. Nikanyamaza. Tukakaa kimya muda mrefu hata nikaanza kusikia mijusi kwenye mabati. Hatimaye yeye ndiye aliyesema.

«Kwetu, mwenye kuja kwenye kilio hasemi mbele ya mwenye kilio. Anangoja. Kama mwenye kilio hana neno, basi wanakaa tu. Usikasirike, Bahati. Ulikuja, njo neno lenyewe hilo.»

Basi alipofungua mlango wa maneno, mimi nikaingia na maswali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi wakati ule nilikuwa na njaa ya kujua kuliko ya kula. Kwa nini amechana shati zuri? Akasema kitu kikipasuka ndani, nguo isijifanye nzima. Kwa nini aliomba majirani wamletee mayai ya kuchemsha na si nyama? Mama mmoja alikuwa ameleta kuku mzima na alikuwa amenuna.

«Yai haina mudomo,» akasema. «Leo na miye sina. Tena angalia: kila kitu ukitia kwenye maji ya moto inakuwa laini. Viazi, maharagi, nyama. Yai peke yake inakuwa nguvu. Baba yangu alinifundishaka vile. Mama yangu alisema ni kwa sababu yai ni rahisi kupika. Chagua.»

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mwanangu. Ukimuuliza jambo moja alikupa majibu mawili na ruhusa ya kutafuta la tatu.

Jambo lililomuuma zaidi halikuwa mayai. Kuna sala ambayo mtoto humsomea mzazi na mzazi humsomea mtoto, na haisomwi bila wanaume kumi wa Kiyahudi kuwa pamoja. Hapa Goma alikuwa yeye peke yake. Lubumbashi kumi wangepatikana, lakini hakukuwa na njia ya kufika huko, wala ya gari wala ya ndege. Nilimuuliza sala hiyo inasema nini kuhusu wafu. Akaniambia haiwataji wafu hata mara moja; inalitukuza jina la Mungu mwanzo hadi mwisho. Nikashangaa. Nikauliza, je, hawezi kuisema mwenyewe, chumbani, na Mungu akamwelewa?

«Mungu ananielewa,» akasema. «Lakini Mungu anamujua mutu mwenye kilio. Anajua atajifungia. Ndiyo maana alisema: hii sala, toka kwanza, utafute watu.»

Kasereka alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini. Akakohoa.

«Papa, hapa tuko wanaume kupita kumi. Na kile kitu Wayahudi munakataka, sisi wote walishatukataka zamani. Tunakosa nini tena?»

Kutaja tohara mbele ya mwenye kilio! Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha Papa Vitali akacheka. Alicheka mpaka akashika kifua pale shati lilipochanika, na kicheko kikageuka kilio, na sisi tukalia naye. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia.

Siku ya saba asubuhi aliniita karibu. «Leo munapaswa kunisimamisha. Mwenye kilio hajisimamishi.» Nikamshika mkono, nikamwambia, «Simama, Papa.» Akasimama. Magoti yake yalilia kama bawaba. Tukatoka nje, yeye na mimi na Kasereka na majirani waliofika, tukazunguka mtaa mzima, kupita wauza vitenge, wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vijana wa pikipiki. Watu walimsalimu na yeye akawaitikia. Nikauliza kwa nini tunazunguka.

«Ili dunia ione ningali ndani yake,» akasema. «Na miye pia nione.»

Mwanangu, kama ningekufa wiki ile ningekufa mtu mwema. Lakini niliishi, nikapata nafasi ya kuharibu.

Miezi ilipita. Nilikuwa na kazi ya kujenga karibu na Munigi, na njia yangu ilipita kando ya lile shamba. Siku moja nikaona juu ya kaburi la Natani kuna mawe madogo. Hayakuwa mawe yetu meusi yenye matundu. Yalikuwa mawe ya ziwani, ya mviringo, laini na ya kijivu. Juma lililofuata yaliongezeka. Kila nikipita, yameongezeka.

Sasa sikia jinsi kisomo kidogo kinavyoweza kumdhuru mtu. Hapa kwetu jiwe ni la kujengea, ama la kumfukuzia mbwa. Kaburi huwekewa maua. Nami, kijana wa kanisa mwenye diplome, nilikuwa nimesoma katika Maandiko kwamba mtu aliyelaaniwa hurundikiwa mawe juu yake. Nilikumbuka mwizi wa vitu vya wakfu, nikakumbuka na mwana wa mfalme aliyemwasi baba yake, jinsi maiti yake ilivyotupwa shimoni na kufunikwa rundo kubwa la mawe. Nikaunganisha. Halafu siku moja nikamwona kwa mbali Papa Vitali mwenyewe ameinama kaburini. Alipoondoka kulikuwa na jiwe jipya.

Nilirudi kazini nimejaa. Kasereka aliniona.

«Weye una nini? Umemeza nyundo?»

Nikamweleza. Mafundi wengine wakasogea. Nikasimama kwenye kifusi kama mwalimu, nikawapa habari ya yule mwana wa mfalme, na kila walipoguna mimi nilizidi kunoga. Nikahitimisha kwamba huenda Natani alimkosea baba yake kosa kubwa, na mzee anamlaani hata kaburini.

«Muzee Vitali? Yule aliyelia vile?» Kasereka akasema. «Ulimuuliza?»

«Mambo kama hayo huulizwa?» nikamjibu.

Ulimi hauna mfupa, lakini una miguu. Neno langu lilitoka Munigi likiwa «huenda», likafika Birere likiwa «hakika». Lilipofika kwenye kwaya ya kanisa letu likawa limeota pembe: mzee alimtoa mwanawe kafara ili biashara iende. Mama waliokuwa wakimpelekea chakula wakaacha. Wateja wakavuka barabara. Mtu akaandika kwa makaa kwenye mlango wa duka: MUCHAWI. Mimi niliyaona yote haya na sikusema ni mimi niliyewasha kiberiti. Nilijiambia moto huo ni wa watu wote.

Hapo sikukoma. Nilimhurumia Natani rafiki yangu. Nikasema siwezi kumwacha chini ya laana. Asubuhi moja nikachukua mfuko mtupu wa saruji, nikaenda kaburini, nikakusanya mawe yote, nikayabeba. Na kwa kuwa fundi hatupi jiwe, nikayatumia. Nilikuwa najenga ukuta wa uani kwangu, na mawe yetu makubwa huacha mianya. Yale ya mviringo yakaingia kwenye mianya kana kwamba yaliumbwa kwa ajili hiyo. Nikasimama nikausifu ukuta wangu.

Haukupita muda, Jumapili jioni kabla ya jua kuzama, Papa Vitali akabisha hodi kwangu. Mke wangu Furaha alimpa kiti na chai. Mzee alikuwa amekonda. Akasema, «Bahati, nimekuja kwako sababu weye ungali unanisalimia.»

Mwanangu, sijawahi kupigwa kofi zito kama neno lile.

Akaendelea. «Weye ni mutu wa mawe. Niambie, nani anachukuaka mawe madogo kule Munigi? Nilikuwa nimewekea Natani mawe. Kila nikienda kumuona ninamuletea moja kutoka ziwani, kule alikuwa anaogelea. Leo nimekuta kaburi iko uchi.»

Naye, akingoja jibu, akainua macho na kuutazama ukuta. Akautazama kwa muda mrefu. Hapo ndipo chai ilipopoa.

Furaha ndiye aliyevunja kimya. Wanawake wa nyumba yangu hawajawahi kunisaidia kusema uongo.

«Papa, ni yeye,» akasema. «Alileta ndani ya mufuko. Nilimuuliza yametoka wapi, akaniambia nyamaza.»

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: mwana wa mfalme, kifusi, mafundi, kwaya. Nikamwambia nitavunja ukuta kabla usiku haujaingia na kuyarudisha. Tayari nilikuwa nimeinuka kutafuta nyundo.

«Kaa,» akasema.

Nikakaa.

«Wakati wa kilio uliniuliza maswali mpaka nikachoka. Juu ya mayai uliuliza. Juu ya shati uliuliza. Juu ya mawe haukuuliza hata moja. Sababu gani?»

Niliona aibu kumwambia ukweli, lakini Furaha alikuwa amesimama pale, kwa hiyo nikausema: niliona mimi nimeshajua.

Akatikisa kichwa polepole. «Njo ile. Mutu mwenye hajui, hana hatari. Mwenye anajua nusu, anabomoa kijiji.» Kisha akanieleza yale ambayo ningeyapata bure. Ua linakauka na jiwe linabaki. Jiwe juu ya kaburi linasema: mtu alifika hapa, hukusahauliwa. Baba yake alimpa sababu nyingine, na wazee wa Lubumbashi walikuwa na nyingine tena. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema ni laana.

«Nitavunja ukuta, Papa,» nikarudia.

«Mawe, acha. Natani alipendaka watu kuliko mawe. Akae kwenye nyumba ya rafiki yake. Mawe yako ziwani, yamejaa. Weye nirudishie watu.»

Niliposhindwa kumwelewa, akaongeza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake: «Mungu alinikosesha kumi. Nikamuambia, bon, nina hawa wa Birere. Wanakaa na miye, wananizungusha mutaa. Na hao umenichukulia weye. Kanirudishie.»

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini anayeyamwaga ana deni la kujaribu, hata kwa kijiko. Nilianzia kwenye kifusi kilekile. Nikawaambia mafundi kwamba mwalimu wao aliwafundisha uongo. Walinizomea. Kasereka alisema, «Nilikuuliza kama ulimuuliza!» na akaendelea kusema hivyo kwa miaka mingi, hata kwenye harusi ya binti yangu. Nikaenda kwenye kwaya, nikasimama mbele. Nikaenda kwa mama mmoja mmoja. Wengine walirudi kwa mzee siku hiyohiyo. Wengine walinisikiliza kwa adabu na wakaendelea kuvuka barabara, kwa sababu uzushi ni mtamu na toba haina chumvi. Nilifuta yale maandishi mlangoni kwa brashi na maji, na alama ya makaa ikabaki kama kivuli.

Kila Jumapili nilipanda naye Munigi. Njiani nilijifunza kumuuliza tena. Siku moja nikamuuliza lile nililoliogopa: kama Mungu wake ni mwema, kwa nini Natani?

«Hata miye ninamuulizaka hivyo kila asubuhi,» akasema.

«Na anakujibu?»

«Bado.»

«Sasa kwa nini unaendelea, Papa?»

Akasimama kupumua, mkono kiunoni. «Bahati, weye unaweza kubisha hodi kwenye nyumba yenye unajua haina mutu?» Halafu akaendelea kupanda. Nimelitafakari jibu hilo maisha yangu yote. Nilikuwa nikidhani imani ni kukoma kuuliza. Yule mzee alikuwa ameshikilia swali lake kama mtu anayevuka mto ashikaye kamba, na swali hilohilo ndilo lililomzuia kuzama.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Hawakuishi Goma. Hapa mlima huja kukutana nawe. Uasi ukiwa haujaisha, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulitoka ardhini upande wa Munigi, ukateremka katikati ya mji ukila nyumba, na sisi tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kila mtu na godoro au mtoto au jogoo. Nilimshika Papa Vitali mkono, Furaha akabeba mtoto wetu mdogo. Katika ule umati hakuna aliyeuliza nani mchawi. Mama mmoja kati ya wale waliokuwa wakivuka barabara ndiye aliyempa mzee maji ya kunywa, akamshikia kikombe, macho yake chini.

Tuliporudi, mawe mapya yalikuwa bado ya moto, yakichoma soli za viatu. Duka la Birere halikuwepo wala mtaa wake. Papa Vitali hakulitazama hata mara mbili. Akasema, «Twende juu.»

Wengine walitufuata. Kasereka alikuja, mafundi walikuja, yule mama wa maji alikuja. Tulipofika mahali pa shamba, mwanangu, hapakuwa na shamba. Kulikuwa na mwamba mweusi unaofuka moshi. Kaburi lilikuwa chini yake, wapi hasa hakuna aliyejua.

Mzee akaketi. Akaketi chini kabisa kwenye jiwe lenye uvuguvugu, kama alivyokaa kwenye kile kigoda, na mikono yake ikafunguka magotini. Mkononi alikuwa na jiwe moja la ziwani, hakuwa na mahali pa kuliweka.

Safari hii hakuna aliyetoa hotuba. Tulikaa naye chini, wote, kimya. Mbele yetu Nyiragongo ilikuwa ikitoa moshi. Baada ya muda mrefu akaanza kusoma kwa Kiebrania, sauti ndogo. Haikuwa ile sala ya watu kumi. Alikuwa hawezi, na hakujidanganya kwamba anaweza. Nilimuuliza ni nini.

«Zaburi. Daudi haombi watu kumi.» Akanieleza: ni ya mtu anayeinua macho kutazama milima.

Nikautazama mlima uliotuunguzia mji. «Huu, Papa? Msaada utoke kwenye huu?»

Akageuka kunitazama, na nikaona kwenye macho yake kitu kama kicheko cha zamani. «Weye unasomaka mbio kila siku. Huyo mutu hasemi musaada unatoka mulimani. Anauliza. Anaangalia mulima na anauliza: musaada wangu utatoka wapi? Inaanza na swali, Bahati. Jibu inakuja nyuma, na haiko mulima. Ni Mwenye aliufanya.»

Hakuinuka. Nikangoja aniite, kisha nikakumbuka: mwenye kilio hajisimamishi. Nikamwendea, nikampa mkono.

«Simama, Papa.»

Kasereka akamshika upande wa pili. Akasimama. Akainama akaliweka lile jiwe la kijivu juu ya ule mwamba mweusi, mahali moyo wake ulipomwelekeza, na tukamzungusha, polepole, mahali pote ambapo zamani palikuwa shamba. Nilimwona midomo inamcheza akitutazama. Nikamuuliza anasema nini. «Mungu anisamehe,» akasema, «nilikuwa ninawahesabu.»

Nyumba yangu ilikuwa upande ambao moto haukufika, na mzee alihamia kwetu. Kila jioni aliketi uani. Mawe yote aliyoyaweka Munigi yaliyeyuka au yalizikwa. Yaliyobaki duniani ni yale niliyoyaiba. Usije ukasema basi kosa langu lilikuwa jema. Mimi nilijaribu kulisema mara moja, akanikata: «Mungu anaweza kujenga na jiwe ya kuibiwa. Weye usiibe.»

Uasi ulipopoa na ndege zikaanza kwenda, aliniomba nichomoe mawili ukutani. Akayatia katika mfuko wa koti akaenda Lubumbashi. Moja aliliweka juu ya kaburi la Mama Ester, salamu kutoka kwa mwanawe. Jingine akalishika mkononi alipoisoma ile sala. Aliporudi, jambo la kwanza nililouliza ni kama walipatikana kumi.

«Walipatikana,» akasema. «Mumoja alikuwa analala. Lakini tulimuhesabu.»

Alifariki huko Lubumbashi, katika safari ya baadaye, na wenzake kumi walimsimamia.

Na mimi zamu yangu ilifika. Katika uasi mwingine, barabara ileile ya Bunagana, nilimpoteza kifungua mimba wangu. Mimi ni Mkristo na nitakufa Mkristo, lakini nilitafuta kigoda kifupi nikakaa. Furaha alichemsha mayai. Na asubuhi moja Kasereka, mzee sasa, mdomo mpana ukiwa umepotelewa na meno, alinijia akaninyooshea mkono, hakusema ila neno moja. Unalijua.

Basi, mwanangu, sikia nasaha yangu. Ukiona jambo la mtu mwingine usilolielewa, dini yake, matanga yake, jiwe lake, usimwendee jirani kumuuliza, wala usijiulize mwenyewe ukajijibu. Mwendee mwenye jiwe. Kuuliza kutakugharimu aibu ya dakika. Kujua nusu kulinigharimu watu ambao wengine sikuwarudisha hata leo. Msiba ukikupata, usijifungie. Hata Mungu unaruhusiwa kumuuliza kila asubuhi, na asipojibu, bisha tena, kwa kuwa nyumba ina mtu. Na ukimwona aliyeketi chini, kaa naye kwanza, funga mdomo, usimharakishe. Siku ikifika mpe mkono, kwa sababu peke yake hatainuka.

Ukipita kwangu utauona ule ukuta, na mianya miwili iliyo wazi. Sijaiziba.

Mungu wa Papa Vitali, ambaye ndiye Mungu wetu, akupe siku nyingi na maswali mazuri. Barabara zikupitishe salama, mlima ulale unapolala wewe, na siku utakayoketi chini asikose mtu wa kukuambia simama. Amina.